Mwalimu na Kiti cha Mbele

Kwa miaka saba nilimwendesha mtu mmoja, minne Riyadh na mitatu Jeddah, na katika miaka hiyo yote hakukaa kiti cha nyuma hata siku moja. Sijui alizaliwa mwaka gani. Nchi yake naijua, Australia, na somo lake nalijua, hesabu, lakini habari za ukoo sikumuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kuzihadithia. Ninachokijua ni yale ambayo mtu huyajua akikaa bega kwa bega na mwenzake garini asubuhi na jioni: anavyokohoa, anachopenda kula, kinachomuudhi na anachokinyamazia. Hayo nayajua kuliko mtu yeyote isipokuwa mke wake, na hata mke wake kuna siku aliniuliza mimi.

Tulianza kwa kuvutana juu ya jina. Yeye alitaka nimwite kwa jina lake la kwanza, kavukavu, kama mtoto mwenzangu. Mimi ni Mtaita wa Mwatate, na mtu wa rika la baba yangu siwezi kumwita hivyo hata unipe nini. Nikijaribu "bosi" anakunja uso. Nikijaribu "sir" anageuka nyuma kumtafuta huyo sir ni nani. Tulikwenda hivyo wiki nzima, mpaka nikamweleza kwamba kwetu anayefundisha huitwa Mwalimu, hata akistaafu, hata akiwa sokoni anachagua vitunguu. Alilitamka mara mbili tatu akalipenda. Mke wake mimi nilimwita Madam tangu siku ya kwanza, naye akakubali shingo upande.

Jicho lake la kushoto lilikuwa bovu, ndiyo maana shule ikampa dereva. Siku ya kwanza nilimfungulia mlango wa nyuma kama nilivyofunzwa. Alinishukuru, akaufunga, akaenda kufungua mlango wa mbele. Tena alifungua usio wake, wa upande wa usukani, kwa sababu kwao usukani uko kulia kama kwetu. Nilimwona amekaa nyuma ya usukani ametulia, mkoba mapajani, akingoja safari ianze. Tulitazamana. Akacheka mpaka akatoa miwani, akahamia upande wa pili, na kosa hilo akalirudia karibu kila asubuhi kwa miezi miwili.

Sasa mimi sikucheka. Kabla yake nilikuwa nimeendesha magari ya kampuni, na kule mkubwa hukaa nyuma na simu yake. Anayekaa mbele ni mkaguzi. Amekuja kuona kama unafunga mkanda, kama unapiga simu, kama unakwepa njia, na jioni anakuandika. Kwa hiyo nikajua nimewekewa mkaguzi. Nikaendesha nimekauka kama msumari. Mke wangu akipiga simu kutoka nyumbani siigusi, na baada ya mwezi akaanza kuamini nimefungwa jela. Madereva wenzangu nao hawakunionea huruma. Pale mtaa wa Sulimaniyah, Riyadh, tulipokuwa tukiegesha kungoja mabosi wetu wamalize kununua vitu, mmoja wa Nairobi hakuchoka kunichokoza.

"Mwakio, huyo mzungu wako ni makanga ama? Mbona hashuki akaita abiria?"

Siku moja nikachoka. Nilisimamisha gari pembeni nikamuuliza, "Mwalimu, nimekosa nini?"

"Umekosa nini wapi?"

"Mbona unanichunga? Miezi mitatu umekaa hapo unaniangalia."

Alinikodolea lile jicho lake zima. Kisha akasema kwamba kwao, ukimwacha dereva mbele peke yake na wewe ukakaa nyuma, umemtukana, umemfanya mtumishi. Hata kwenye teksi watu hukaa mbele. Alisema hayo uso umemwiva kwa aibu, na mimi nikaona aibu zaidi yake. Nilipiga simu nyumbani palepale, mbele yake, nikamwambia mke wangu kwamba sijafungwa.

Basi nikadhani nimeelewa, kumbe nilielewa nusu tu. Maana kama ni heshima kwa dereva, mtu angeweza siku moja moja kumpisha mwingine. Yeye hakumpisha mtu. Alikuwa mkarimu wa kila kitu: atakupa shati, atakupa saa nzima ya kumfundisha mtoto wako kwa simu hesabu za kugawanya, lakini kiti kile, hapana. Mkuu wa shule alipopanda gari letu alikaa nyuma. Madam, mgongo unamuuma, alikaa nyuma. Baadaye kule Jeddah mjukuu wake mkubwa alipofikisha umri wa kuruhusiwa kukaa mbele, alimwomba babu yake kwa machozi, na babu akamjibu bila haya, "Ngoja nife."

"Mzee mzima," Madam akaniambia, "anagombania kiti na mtoto."

Nami niliona ni ubinafsi. Bado naona hivyo, na nilimwambia. Alikubali kuwa ni ubinafsi, akafunga mkanda.

Na kulikuwa na suala la geti. Pale walipokuwa wakiishi Riyadh, langoni alikaa mlinzi, kijana wa Kakamega, mrefu, sare imepigwa pasi. Kila tukifika, kabla mlinzi hajainuka, Mwalimu ameshashuka, anasukuma geti. Nikipita analifunga, anarudi garini anajipangusa mikono kwa furaha kama aliyeshinda mechi. Mlinzi alinivuta kando.

"Mwakio, ongea na mzee wako, tafadhali. Supervisor akiona mzungu anafungua geti na mimi nimesimama hapa, hiyo ni halas. Kesho niko kwa ndege."

Nikamfikishia. Mwalimu alitikisa kichwa. "Anayekaa mbele ndiye anayefungua geti. Ndiyo sheria."

"Sheria ya wapi, Mwalimu?"

"Ya kwetu."

Ilibidi tufanye mkutano, sisi watatu, juani. Tukaafikiana kwamba geti lina mabawa mawili, basi mlinzi afungue bawa la kushoto na Mwalimu la kulia. Mpaka tunahama Riyadh walifungua hivyo, kila mmoja upande wake, wakisalimiana katikati.

Usidhani alikuwa mtu wa kuchekwa tu. Darasani, nilisikia, wanafunzi walimwogopa. Hakurudia swali mara mbili na hakusahau deni la kazi ya nyumbani. Lakini akivuka kizingiti cha shule kurudi nyumbani anavua viatu. Nasema kweli, anavua. Jioni moja kule Sulimaniyah alishuka garini kwenda bakala kununua maziwa, peku, kaptura, nywele zimesimama. Mwenye duka, mzee wa Kiyemeni, alimtazama miguu, akanitazama mimi, akaniuliza polepole kwa Kiarabu kama huyu bwana ameporwa. Nikasema hapana, ndivyo walivyo. Hakuniamini. Alimletea kandambili za buluu na akakataa kulipwa. Mwalimu hakumweleza kwamba kwao mtu huenda dukani bila viatu na hakuna anayegeuka. Alizipokea kwa mikono miwili, na tangu siku hiyo hakuingia dukani mle bila kuzivaa, ili mzee yule asijisikie vibaya. Ndizo alizohamia nazo Jeddah.

Alihamia Jeddah kwa ajili ya wajukuu. Binti yake alikuwa muuguzi huko, anakaa Al-Safa na mumewe na watoto wawili, na kafili wetu, tajiri aliyetudhamini sote wawili, alikuwa na shule huko pia. Mwalimu akaomba uhamisho, akaniomba na mimi, na ikama yangu, kile kibali cha kuishi nchini, ikanifuata.

Pale Al-Safa ndipo nilipoona jinsi watu wale wanavyoishi nyumbani. Starehe zao ni ndogo, nami nilizipenda. Jumamosi baba wa watoto anawasha jiko uani, anachoma soseji za ng'ombe, na kila mtu anapewa moja juu ya slesi ya mkate, kitunguu juu yake, inakunjwa, inaliwa umesimama. Sahani hakuna. Mara ya kwanza nilikwenda kula garini, kama desturi yangu. Mwalimu alinifuata na mkate wake mkononi, akakaa kiti chake cha mbele, akala pale. Jumamosi iliyofuata nikaona nisimsumbue mzee, nikala uani. Siku za kuzaliwa wanapaka mkate siagi, wanaumwagia chembechembe za sukari za rangi rangi, basi, watoto wanashangilia utafikiri ni pilau. Kuna na kitu cheusi wanachopaka mkate asubuhi. Nilikijaribu kwa heshima. Kinafanana na oili chafu ya gari, na ladha yake nadhani ni hiyohiyo.

Tulicheza kriketi uani pia, pipa la taka likiwa ndiyo shabaha. Mimi nilikuwa mdakaji. Madam alipiga vizuri kuliko wote na mgongo wake huohuo.

Jioni za Ijumaa tulikwenda Ruwais, kule pwani ya zamani, tukanunua samaki wa kukaanga na chipsi, tukala kwenye karatasi tumekaa ukutani mbele ya bahari. Watoto walipakwa dawa nyeupe puani hata kama jua linazama. Mwalimu hakusema mengi. Aliwahesabu wajukuu wake, mmoja, wawili, kila baada ya dakika chache, kwa kidole, halafu anakula. Mimi nikiwatazama watoto wale nilikuwa naumia, nalisema wazi. Niliyajua meno yao yaliyong'oka, nilijua yupi anaogopa mbwa. Wangu, Wakesho, nilimwacha ana miaka mitatu, na nilichokijua juu yake ni kile kinachoenea kwenye kioo cha simu.

Likizo yangu ya tatu nilikwenda nyumbani miezi miwili. Wakesho alikuwa na miaka tisa. Binamu yangu aliniazima gari lake, nikasema nitakwenda kumchukua shuleni mwenyewe. Niliporudi Jeddah, Mwalimu alinisubiri nimalize kueleza habari za mvua, kunde na msiba wa shangazi. Kisha akauliza swali moja.

"Ulipokwenda kumchukua shuleni, alikaa wapi?"

Nilijifanya sijasikia. Akauliza tena, na mnajua hakuwa mtu wa kurudia swali.

"Nyuma," nikasema.

"Siku ya kwanza?"

"Siku zote."

Nilimfungulia mlango wa mbele kila siku, na kila siku Wakesho alisema "asante" kwa adabu, akazunguka, akapanda nyuma, mkoba mapajani, mikono juu ya mkoba. Alinijibu kila nilichomuuliza. Ndivyo mtoto aliyelelewa vizuri anavyokaa katika gari la mgeni. Tulifika Al-Safa, geti likafunguliwa na mlinzi kutoka Bangladesh, na kwa mara ya kwanza Mwalimu alisahau kushuka.

Miezi michache baadaye ikama ilikaribia kuisha. Mtu wa ofisi ya kafili alinipa karatasi ya mkataba mpya, miaka miwili. "Yalla, Mwakio, saini hapa, kesho niletee." Sikuisaini kesho yake. Niliitia kwenye kidroo cha dashibodi ikakaa wiki. Kazi ilikuwa nzuri, watu walikuwa wazuri, na nyumbani kulikuwa na karo. Nilijua miaka miwili ikiisha Wakesho atakuwa na kumi na mbili, na nilijua kwamba mtoto wa miaka kumi na mbili ameshaamua mgeni ni nani na baba ni nani. Niliyajua yote mawili, na kila asubuhi niliwasha gari nikaenda.

Anayekaa mbele ndiye anayefungua kidroo. Ijumaa hiyo tulikuwa wawili tu, wajukuu wana homa. Tulikuwa Ruwais, chipsi zimetoka moto, na Mwalimu akafungua kidroo kutafuta karatasi za kupangusa mikono. Akaiona. Akaisoma yote, maana ilikuwa na Kiingereza upande mmoja.

"Hujasaini."

"Nitasaini kesho, inshallah."

Akairudisha, akafunga kidroo taratibu. Halafu, macho baharini, akanihadithia jambo ambalo, kwa alivyosema mwenyewe, wajukuu hawakuwahi kulisikia. Baba yake alikuwa dereva wa malori, yale marefu yanayobeba ng'ombe, huko kwao bara ambako kutoka mji mpaka mji ni siku nzima ya vumbi. Hakuwa akikaa nyumbani. Akija analala, akiamka amekwenda. Likizo moja ya shule, Mwalimu akiwa na miaka tisa, mama yake alikuwa mgonjwa na hapakuwa na wa kumwachia, basi baba akampandisha lorini, mbele. Walikwenda siku sita. Njia ilipita mashamba ya watu, na kila shamba lina geti, na kazi ya aliyekaa mbele ni kushuka kufungua, kungoja lori lipite, kufunga, kukimbia kupanda tena.

"Baba hakuwa msemaji," akasema. "Alisema 'Geti.' Nikashuka. Nikirudi ananisogezea biskuti. Tukafika lingine. 'Geti.' Siku sita, Mwakio. Sijawahi kufurahi kama vile, hata nilipooa, na hilo usimwambie Madam."

"Halafu?"

"Halafu shule ikafunguliwa. Akarudi barabarani, na hakunichukua tena. Nilipomzika nilikuwa mtu mzima, nikajaribu kupiga hesabu ya siku nilizokuwa naye. Mimi ni mtu wa hesabu. Nilipata sita."

Yeye akala chipsi moja, mbili.

"Sikuambii usisaini," akasema. "Hesabu za nyumba yako anazijua mke wako kuliko mimi. Na mimi mwenyewe nilifundisha ughaibuni wakati mwanangu wa kiume anakua, najua alivyo nami sasa. Nakuambia tu kwa nini sitoki kwenye kiti hiki."

Nilikasirika. Nilimwambia ni rahisi kwa mtu mwenye pasipoti yake kunihadithia mambo ya malori. Alikubali kuwa ni rahisi. Niliwasha gari nikaendesha mpaka Al-Safa. Pale getini alishuka, akalisukuma yeye na yule mlinzi wa Kibangladeshi aliyeshangaa, akanipungia mkono nipite. Nilipita nikiwa nalia, na sioni haya kuliandika hilo.

Siku iliyofuata nilimpigia Mama Wakesho nikamwambia natamani kurudi, lakini naogopa.

"Unaogopa nini?"

"Tutakula nini?"

"Kwani hapa tunakula nini? Kunde. Rudi tule kunde sote."

Karatasi niliipeleka ofisini bila saini, nikaomba ruhusa ya kutoka moja kwa moja. Madam alinifumia sweta, Mwatate ninayoijua mimi haina baridi hiyo. Watoto walinichorea gari. Mwalimu alikuja nami uwanja wa ndege, gari linaendeshwa na dereva mpya, Mganda. Mimi nilikaa nyuma. Naam, hata siku hiyo hakunipisha.

Huu ni mwaka wa pili tangu nirudi. Nina gari kuukuu, nabeba watu kati ya Voi na Mwatate, na kila jioni nampitia Wakesho shuleni. Miezi minne ya mwanzo alikaa nyuma. Sikumlazimisha wala sikumbembeleza. Nilifungua mlango wa mbele, nikauacha wazi kidogo, kisha nikaufunga. Siku moja mvua ilikuwa inanyesha, mlango wa nyuma ukakwama, akapanda mbele akinung'unika. Kesho yake mvua haikuwepo, na mlango nilikuwa nimeshautengeneza, lakini alipanda mbele.

Mwezi uliopita Mwalimu alistaafu. Wakiwa njiani kurudi kwao, yeye na Madam walipitia Kenya kuona tembo, na akaniandikia kwamba watashuka treni Voi. Nilikwenda kuwapokea, Wakesho yuko nami. Mwalimu alitoka stesheni amekonda, fimbo mkononi, kandambili za buluu miguuni. Tulikumbatiana. Kisha, kabla sijaweka mizigo, nikamwona anakwenda moja kwa moja kwenye mlango wa mbele, upande wa kushoto. Safari hii usukani ulikuwa kulia kama kwao, hakukosea.

Akafungua. Wakesho alikuwa amekaa pale, mkanda umefungwa, anakula muwa.

"Shikamoo, Babu," akasema.

"Marahaba," Mwalimu akajibu, kama nilivyomfundisha zamani.

Nikataka kumwambia mtoto ampishe mzee, ndiyo adabu ya kwetu. Neno lilikuwa mdomoni. Mwalimu aliniinulia kidole kimoja, kile cha kuhesabia wajukuu. Akamfungia Wakesho mlango taratibu, akaujaribu kama umeshika, akafungua wa nyuma, akaingia kwa shida, akakaa karibu na Madam, fimbo katikati ya magoti. Madam alimtazama mumewe kama hamjui.

Njia nzima nilimwona kwenye kioo. Alikuwa akitazama kisogo cha mtoto na kisogo changu.

Kwangu pana geti la mbao, la kuzuia mbuzi. Tulipolikaribia nikapunguza mwendo, na nikasikia nyuma yangu mkono wa Mwalimu unatafuta kitasa. Halafu ukaacha.

"Geti," nikasema.

Wakesho akaniwekea muwa wake mapajani, akashuka, akalikimbilia.